Mjadala wa Foleni ya Pamba: Jeshi Letu Lilifuata Nini Goma?

Mwishoni mwa Aprili 2025 misafara ya malori ya jeshi ilianza kutoka Goma. Ilivuka mpaka ikaingia Rwanda, ikaikata nchi hiyo ikisindikizwa na Wanyarwanda wenyewe, ikaja kukusanyika Chato. Walikuwamo askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, wa kikosi cha jumuiya ya SADC kilichopelekwa mashariki ya Kongo Desemba 2023 kuisaidia Kinshasa dhidi ya waasi wa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba waasi hao wanapigana bega kwa bega na askari wa Rwanda wapatao 3,000 hadi 4,000. Kigali imekuwa ikikana. Waliokwenda kupambana na M23, basi, walirudi kwa hisani ya nchi inayotajwa kuwa mgongo wa M23. Msimulie mtoto hayo na atadhani umeruka kipande cha hadithi.

Chato iko ng'ambo ya ziwa tu ukiwa huku kwetu Simiyu. Ndiyo maana mjadala huu nimeuweka Sola, wilayani Maswa, nje ya ghala la chama cha msingi, msimu wa kupima pamba wa mwaka huohuo wa 2025. Foleni ya mizani haina haraka, na watu waliokaa juu ya viroba vyao hawana pa kukimbilia hoja ikiwageukia. Wasemaji sikuwapa majina. Ni sauti zinazosikika mkoa huu mzima. Mimi nimeziketisha pamoja tu.

MZEE: Mimi nimeona aibu. Jeshi lililoingia Kampala kwa miguu, leo linapitishwa nchi ya watu kama ng'ombe wa mnada.

KIJANA: Babu, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu mji ulipoanguka Januari. Ulitaka wapae na nini?

MZEE: Nilitaka wasishindwe.

MWALIMU: Tuanzie hapohapo. Walitumwa kushinda nini?

KIJANA: Kuwafukuza M23, mwalimu. Mbona 2013 tuliwaweza? Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098 Machi mwaka ule, ikaundwa brigedi ya askari 3,069 wa nchi hizihizi tatu, na kwa mara ya kwanza walinda amani wakaruhusiwa kushambulia badala ya kusubiri kupigwa. Kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Kufika Novemba, M23 walikuwa wametimka, wengine Uganda, wengine Rwanda. Watu wa Goma waliwashangilia askari wetu barabarani.

MWALIMU: Meja Khatibu Mshindo hakuyasikia hayo makofi. Aliuawa Agosti 28 vilimani Kibati.

KIJANA: Vita haina bure.

MWALIMU: Sawa, tufanye hesabu ya kilichonunuliwa. Hawa wanaitwa M23 kwa sababu gani? Machi 23, 2009 serikali ya Kongo ilitia saini mapatano na kundi la CNDP: wapiganaji wao waingizwe jeshini, wakimbizi wao warudi makwao. Mwaka 2012 baadhi yao wakaasi wakisema mapatano yamekaliwa. Tukawapiga. Desemba 2013 zikatiwa saini ahadi nyingine Nairobi. Mwishoni mwa 2021 wakaibuka tena na dai lilelile. Watu wamejiita kwa tarehe ya mkataba, halafu sisi tunawajibu kwa mizinga tu.

MZEE: Mwizi naye hakosi la kudai.

MWALIMU: Hakosi. Na hawa wameua raia, siwatetei. Ila chini ya dai lao kuna jambo zee kuliko wao. Mwaka 1972 sheria ya Zaire iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi kule tangu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawavua. Ikataka mtu athibitishe ukoo wake ulikuwa ndani ya mipaka ya Kongo mwaka 1885. Fikiria mzee wangu, wewe hapo, uambiwe ulete ushahidi wa babu wa babu yako alilala wapi mwaka 1885. Usipouleta, shamba si lako na kura huna. Sheria zimebadilishwa tena baadaye, lakini ugomvi ulishapanda mbegu. Sasa niambie, brigedi ina silaha gani ya kupiga ugomvi wa namna hiyo?

Hapo mizani ililia. Karani alisoma kilo 47, akaingiza mkono ndani ya kiroba mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya pamba yenye madoa ya manjano. "Hii ya chini ni fifi, mama. Juu umetuwekea safi." Mwenye kiroba akaapa kwamba ni mvua ya Aprili iliyomharibia, si ujanja. Wakabishana mpaka foleni ikaanza kuguna.

Mwenye kiroba ndiye msemaji wetu wa nne. Ana mtoto jeshini.

MAMA: Nyinyi mnazungumza brigedi, brigedi. Mimi nilisikia habari ya Semuliki kwenye redio nikiwa nakata viazi vya michembe. Desemba 2017. "Askari wa Tanzania wameuawa Kongo." Basi, majina hawakusema. Kila mwenye mtoto kule alikaa siku zile akiwa msibani bila kujua kama msiba ni wake.

MWALIMU: Desemba 7. Kambi ya darajani Semuliki, eneo la Beni. Waliowavamia wanadhaniwa ni waasi wa ADF, na hao chimbuko lao ni Uganda, wala si M23. Walikufa Watanzania kumi na watano, waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya arobaini. Katibu Mkuu Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote kwa walinda amani katika historia ya karibuni.

MAMA: Na waliokwenda kuwaokoa?

MWALIMU: Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulikiri kwamba ujumbe wake wa kulinda amani kule haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa pale walipozidiwa.

MAMA: Kumbe.

Sikuona haja ya kuongeza neno la mtu mwingine hapo, na kwenye foleni hakuna aliyeongeza. Ila hoja ya Mama isichukuliwe kuwa machozi ya mzazi tu. Hasemi wasiende. Anataka kujua waliowapeleka walikuwa wamejiandaa kiasi gani kuwarudisha. Swali hilo lingeulizwa kwenye meza ya makamanda, lingeitwa mkakati.

MZEE: Mayu, pole. Lakini mimi nitasema na utanivumilia. Sisi Wasukuma tuna mwano. Ukelele ukipigwa usiku, kila mwanaume anatoka na rungu lake. Huulizi ng'ombe ni wa nani, wala kama mwenye boma aligombana na jirani juzi. Asiyetoka anatozwa, na siku yake ikifika atapiga kelele mpaka koo limkauke. Kongo imepiga mwano. Ni mwenzetu SADC, na tangu 2022 ni mwenzetu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tungelala?

KIJANA: Hapo babu umemaliza.

MAMA: Hajamaliza. Kwenye mwano wanatoka wote, hata mtoto wa mwenyekiti. Goma wametoka watoto wa nani?

MWALIMU: Na kwenye mwano mwizi anajulikana, anakimbia na ng'ombe wa mtu. Goma kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Kinshasa inasema mwizi ni Rwanda. Rwanda inasema mwizi ni FDLR, mabaki ya waliofanya mauaji ya 1994, na kwamba wanalishwa na jeshi la Kongo. Jeshi la Kongo nalo linapigana sambamba na wanamgambo wanaoitwa Wazalendo, ambao nao wanalalamikiwa na wanavijiji. Askari wetu walipofika waliambiwa wasimame na upande mmoja kati ya hizo. Hao si waokoaji tena, mzee, ni ndugu wa upande mmoja kwenye ugomvi wa ukoo.

MZEE: Serikali ni serikali. Ndiyo mwenye boma.

MWALIMU: Mwenye boma huyohuyo Novemba 2022 alikaribisha kikosi cha Afrika Mashariki: Wakenya, Warundi, Waganda, Wasudani Kusini. Baada ya mwaka mmoja tu akakifukuza kwa sababu hakikukubali kumpigania, kilikuja kutenganisha. Kamanda wake wa kwanza, Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, alishajiuzulu kabla ya hapo. Kilipoondoka Desemba 2023, mwezi uleule kikaingia cha SADC. Tanzania ni mwanachama wa jumuiya zote mbili. Tumeshuhudia mtu akibadilisha waliomjia kwenye mwano mpaka apate wanaompenda.

MZEE: Mwalimu una maneno mengi.

MWALIMU: Ndiyo kazi niliyolipwa kwayo miaka thelathini, na kidogo.

Hoja ya mwano ndiyo iliyonisumbua zaidi katika kuandika mjadala huu, kwa kuwa naiamini. Kijiji ambacho watu wake hufunga mlango mwenzao akilia si kijiji. Ila mwano una upande ambao Mzee aliuacha, na kila aliyekulia huku anaujua. Sungusungu, walinzi wa vijiji, walipoanza miaka ya themanini mwanzoni, kule Kahama na Shinyanga, walimaliza wizi wa ng'ombe pale polisi waliposhindwa. Baadaye, mahali pengine, rungu lilelile liligeukia vikongwe waliosingiziwa uchawi. Aliyepewa nguvu ya kukuokoa usiku alianza kuamua mchana nani ni mbaya. Nilimpa Mama hoja hii aiseme, akakataa. Alisema wapo wazee wa sungusungu kwenye foleni. Naisema mimi.

KIJANA: Haya, tuache Kongo. Uganda 1979. Hapo utasemaje, mwalimu? Amin angekuwa bado yupo.

MWALIMU: Uganda tulivamiwa. Oktoba 1978 Amin aliteka kaskazini ya mto Kagera akatangaza ni mali yake. Nyerere aliposema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sababu ilikuwa inaonekana kwa macho, haikuhitaji kuelezwa na mwanasheria. Kwenye Kagera hunipati.

KIJANA: Lakini hamkuishia Kagera.

MWALIMU: Muulize aliyekuwapo.

MZEE: Nilikuwa mgambo. Tulifika Kampala Aprili 11. Watu walitupa mpaka maua. Tulidhani tunarudi kulima msimu unaofuata.

MWALIMU: Na mlirudi lini?

MZEE: Wengine tulirudi mapema. Wapo waliokaa mpaka 1981.

MWALIMU: Na katika muda huo Uganda ilibadilisha wakubwa kama shati. Yusuf Lule siku 68. Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi ya akina Paulo Muwanga. Uchaguzi wa Desemba akatangazwa Obote, wapinzani wakasema kura zimechezewa. Februari 1981 Museveni akaingia msituni, na Luwero ikawa makaburi. Yote hayo yalianza jeshi letu likiwa bado ndani ya nchi. Lilikuwa na nguvu ya kumtoa Amin. Nguvu ya kuwapatanisha Waganda halikuwa nayo, na hakuna jeshi lililo nayo.

MZEE: Bora hivyo kuliko Amin.

MWALIMU: Hilo sikupingi, mzee wangu. Hata mimi nasema bora Amin aliondoka.

MZEE: Basi?

MWALIMU: Basi gharama isifichwe. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18.

KARANI (bila kuinua macho): Mimi nilizaliwa 1984 nikakuta bado imefungwa.

MAMA: Na zile bunduki zilizobaki? Wazee huku hawasemi kila siku kwamba wezi wa ng'ombe walianza kuja na bunduki baada ya vita ile? Tulipeleka vita Kampala, ikarudi Usukumani kudai mifugo.

Mzee hakujibu hilo. Alimsogezea Kijana kiroba chake mbele, foleni ilikuwa imesonga.

KIJANA: Niseme la kwangu la mwisho, na hili nataka nijibiwe na wote. Rwanda 1994. Mauaji yalipoanza Aprili, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa kama 2,500. Wakubwa wakakaa New York wakapiga kura wapunguzwe mpaka 270. Kwa siku mia moja watu wakachinjwa, sisi Ngara tukipokea wakimbizi na mto Kagera ukileta maiti. Hakuna aliyeingia kuvamia "mambo ya ndani" ya mtu. Mnafurahi? Umoja wa Afrika ulipoundwa uliandika kwenye mkataba wake, ibara ya 4, kwamba una haki ya kuingilia penye mauaji ya kimbari, kwa sababu ya aibu ile. Mashaka yenu mazuri, mwalimu, lakini mwenye panga hayasubiri.

Kijana ameshika hapa pazito kuliko sote, na sina jibu linaloweza kulivunja. Mwalimu naye hakulivunja. Alilisogeza tu.

MWALIMU: Mimi ningepeleka jeshi Kigali Aprili ile, ningepeleka hata wewe. Panga likiwa shingoni mwa mtu, unashika mkono wenye panga, uraia baadaye. Ila tazama aliyekuja. Juni Wafaransa waliingia wakasema ni kuokoa watu, na wapo waliookolewa. Nyuma ya mgongo wao wauaji wakapita, wakavuka na silaha mpaka Goma. Kwenye makambi ya wakimbizi ya huko ndiko kulikotoka FDLR. Kwa kuwafuata hao, Rwanda na Uganda ziliingia Kongo 1996, zikamtoa Mobutu. Zikaingia tena 1998, safari hii zikimpinga Kabila waliyemweka. Zimbabwe, Angola na Namibia zikaja kumkinga. Juni 2000 Rwanda na Uganda, marafiki, wakapigana wao kwa wao mjini Kisangani, mji wa watu wengine kabisa, raia wakafa kwa mamia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kila aliyeingia alikuja kurekebisha alichoharibu aliyetangulia. Na sisi 2023 tuliingia mlango uleule.

KIJANA: Kwa hiyo unasema nini? Tuwaache?

MWALIMU: Nasema kuna kuingia kushika panga na kuna kuingia kumpigania mtu. Goma ilikuwa ipi?

KIJANA: Comoro ilikuwa ipi?

MWALIMU: Comoro, Machi 2008, ilikuwa kisiwa kimoja, Anjouan, na kanali mmoja aliyegoma kuondoka, Mohamed Bacar. Serikali ya Muungano wa Comoro iliomba, Umoja wa Afrika ukakubali, askari wetu na Wasudani wakashuka, kanali akakimbilia Mayotte. Hakuna msitu, hakuna dhahabu, hakuna jirani anayemtilia maji.

MZEE: Tulishinda.

MWALIMU: Tulishinda vizuri sana. Nadhani ndiyo iliyotudanganya.

Neno hilo la mwisho ni langu, nimemtwika Mwalimu. Ushindi wa Anjouan na ule wa 2013 ulitufanya tuamini kuwa tunajua dawa. Wakenya nao waliingia Somalia Oktoba 2011 kuwasukuma Al-Shabaab mbali na mpaka wao. Wako huko mpaka leo, na katikati wameshazika wanafunzi wa Garissa, Aprili 2015, watu 148 kwa siku moja. Ninayoyatilia shaka si ujasiri wa askari. Ni ile safari inayoandaliwa ikiwa na tarehe ya kuondoka nyumbani bila kazi inayoweza kuisha. Machi 13, 2025 wakuu wa SADC walikutana wakatangaza muda wa kikosi umekwisha. Hawakusema kazi imekwisha, maana M23 ndio walikuwa wakiendesha mji wa Goma, na Bukavu juu yake. Watanzania wawili walikuwa wamekufa kwenye mapigano yale ya Januari. Mwezi mmoja kabla ya mkutano huo wa Machi, Februari 8, marais wa jumuiya zote mbili walikaa Dar es Salaam wakahimiza mazungumzo, yakiwamo mazungumzo na M23 wenyewe. Rais wetu wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alipendekeza kitu cha namna hiyo Mei 2013 pale Addis Ababa, kwamba majirani wazungumze na maadui zao, Rwanda na FDLR wakiwamo, akatukanwa nusura mahusiano ya nchi mbili yakatike. Miezi ileile brigedi yetu ilikuwa inapanda vilima vya Goma.

MAMA: Mimi naomba niulize cha kijinga. Nani aliamua waende?

MWALIMU: Amiri Jeshi Mkuu, pamoja na wenzake wa SADC.

MAMA: Na bunge?

MWALIMU: Katiba, ibara ya 44, inasema Rais akitangaza hali ya vita ampelekee Spika nakala, na Bunge liitwe ndani ya siku 14 liamue kuunga mkono au la. Lakini hiyo ni vita ya nchi na nchi. Safari ya kulinda amani haikutajwa mle.

MAMA: Kwa hiyo aliyekufa vitani ana ibara, aliyekufa kwenye amani hana.

KARANI: Mama, kiroba chako. Nakupa safi 30, fifi 17. Tusigombane.

MAMA: Andika. (Anamgeukia Mwalimu.) Mwaka huu Oktoba watakuja kuomba kura. Nitamuuliza mbunge: siku nyingine mkitaka kumpeleka mwanangu, mtajadili mbele yetu?

MZEE: Atakwambia ni siri ya jeshi, mayu.

MWALIMU: Mwambie siri ni njia watakayopita na idadi ya risasi. Sababu ya kwenda siyo siri, wala masharti ya kurudi.

KIJANA: Na akisema wanakwenda kuzuia mauaji kama ya Rwanda?

MZEE: Mimi hapo nampa kura yangu, na rungu nampa.

MAMA: Mimi namuuliza kwanza nani kamwambia, na kama huyo aliyemwambia naye anapeleka mtoto.